Daraja la Kubebwa Mabegani

Igogo, 12 Juni

Mhariri amenipigia simu asubuhi kunijulisha kwamba safu yangu imefutwa. Hakuna kesi, hakuna kigogo aliyekasirika, jambo ambalo angalau lingenipa heshima. "Wasomaji wamechoka kugombezwa, dada Paskazia." Miaka kumi na minne nimewaandikia watu wa mji huu juu ya masoko yasiyo na vyoo na shule zinazopakwa rangi mgeni anapokuja. Leo naambiwa nagombeza. Nimemjibu kwamba mtu anayeamshwa nyumba ikiwaka moto naye hudhani anagombezwa. Amekata simu.

Mchana akapiga kaka yangu Shimba kutoka Kisesa. Hakuuliza habari za kazi, hajawahi kuuliza.

"Paska, wewe umesoma. Nibunie kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu cha kuvuta watu."

Shimba ni manju, mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma aliloacha baba. Sisi ni Bagika. Wapinzani wetu ni Bagalu, na kiongozi wao ni Chenge. Baada ya mavuno makundi yote mawili hucheza siku zile zile tatu, uwanja ule ule, kila moja upande wake. Hakuna jaji wala alama. Watazamaji wanakwenda wanakotaka, na jioni ya siku ya mwisho mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mwaka juzi watu walituacha. Mwaka jana walituacha tukabaki na mbwa na muuza karanga, naye alikuwa anahesabu hasara.

"Wakituacha tena," alisema Shimba, "nalivunja kundi. Ngoma ya baba naitundika ukutani."

Nilimwambia nitakuja. Nani mwingine ananihitaji?

Kisesa, 15 Juni

Nimefika. Wifi yangu Odeta amenipa chumba cha magunia ya mpunga. Jioni tumekaa uani kubishana. Mwaka jana Chenge alileta mtu aliyekunywa uji kichwa chini, miguu juu, bila kumwaga tone. Shimba anataka tumjibu kwa mtu atakayekula ugali katika hali hiyo hiyo. Nilimuuliza kama huo ndio ubunifu, kumfuata adui nyuma na sufuria kubwa zaidi. Amenuna.

Nimewapa wazo langu. Mkoa mzima hauna habari nyingine zaidi ya daraja la Kigongo na Busisi. Watu waliozeeka wakisubiri kivuko, wenye wagonjwa, wenye maiti, sasa wanapita kwa dakika chache. Basi tulijenge letu. Daraja lenye nguzo na kamba zake, linalobebwa mabegani na wachezaji, linalopanda na kushuka kwa mdundo.

Machibya, fundi seremala na mchezaji wetu wa mbele, akasema, "Shangazi, hilo likicheza, Chenge atahama wilaya."

Shimba alisema, "Likianguka je?" Hilo ndilo swali lake kwa kila kitu tangu utotoni.

17 Juni

Upepo. Vumbi hadi kwenye chai.

18 Juni

Kazi imeanza, nami nimekataa kuanza na mbao kwa sababu tu fundi wetu ana mbao. Hiki ndicho kidonda cha nchi hii: tunachagua nyenzo kwa mazoea, kisha tunaita mazoea hayo utaalamu. Nimesema kila nyenzo ijitetee yenyewe. Tumeweka viti viwili uani. Kila kipande kinalazwa juu ya viti, kinaning'inizwa ndoo ya maji katikati, tunatazama kinavyopinda. Kisha kinaachwa juani. Kisha Machibya anakiweka begani na kucheza nacho, kwa sababu daraja hili halitasimama kama mengine, litaruka.

Washindani: mbao za msonobari, bomba jeupe la plastiki, vipande vya mabati vilivyokunjwa kama mfereji, mabua ya mtama yaliyofungwa matita, na mianzi.

Shimba alipita akaangalia viti vyake vikiwa na ndoo. "Mnakausha nini?"

19 Juni

Ng'ombe wa Shimba wamekula mabua. Jaribio la nyenzo ya nne limefungwa.

22 Juni

Nilikwenda mjini dukani kwa mzee Kanubhai kutafuta bomba nene zaidi. Familia yake inauza vifaa vya ujenzi tangu babu yangu anunue misumari kwao. Nilimsalimu shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akaniona.

"Mwandishi! Alhamisi gazeti limekuja bila wewe. Nimekosa mtu wa kubishana naye wakati wa chai."

Ni mtu wa kwanza kusema amegundua. Nilitaka kulia, nikaulizia bei ya bomba.

"La nini?"

"Daraja la ngoma. Watu wanalibeba wakicheza."

Alichukua bomba, akalishika mwisho mmoja, akalitikisa. Lilichezacheza kama mkia. "Hili ni la maji, mama. Kazi yake ni kulala chini. Ukilisimamisha juani litafanya nini? Litalala."

"Basi nipe mabati."

"Mabati nakupa. Lakini kijana wa mbele akijikwaa, shingo ya kijana wa nyuma iko wapi?"

Nilimwambia ni mfanyabiashara wa ajabu, anafukuza wateja. Alisema mteja akikatwa shingo harudi. Nimeondoka na mipira ya tyubu kuukuu na rangi ya fedha.

24 Juni

Matokeo, kwa ajili ya ukweli, maana hakuna gazeti litakaloyachapa.

Mbao ni ngumu, ndoo haikuzitetemesha. Ila Machibya alicheza wimbo mmoja tu akawa ametoka kidonda begani. Nyenzo yenye nguvu inayomchosha anayeibeba ni serikali, si daraja. Bomba lilikuwa jepesi na la kupendeza asubuhi. Saa nane lilikuwa limelegea kama tumbo la mlevi, na hata ndoo ilipoondolewa halikurudi. Mabati ni mepesi yakiwa membamba, yanang'aa, kila mtu uani alisema mabati, mabati. Upepo wa ziwa ulipopanda, kipande kiliruka kikakata kamba ya nguo ya Odeta. Angekuwa mtu je? Nimeyakataa. Watu wetu wanayapenda mabati kwa sababu yanaonekana kutoka barabarani, na nusu ya ujinga wa nchi hii umejengwa kwa vitu vinavyopendeza kutoka barabarani.

Mwanzi ulipinda kwa ndoo, ndoo ikaondolewa, ukarudi. Begani ni mwepesi. Ukipigiliwa msumari unapasuka, kwa hiyo haupigiliwi, unafungwa kwa mpira wa tyubu, na penye mpira panacheza kama goti. Machibya alicheza nao nyimbo tatu akaendelea hata mdundo ulipokoma.

Tumeamua mianzi, ivikwe viroba vya mbolea, ipakwe rangi ya fedha. Nguzo za mianzi, kamba za katani. Shimba amesema sawa. Nilimuuliza, "Sawa kwa sababu umeelewa au kwa sababu umechoka?"

2 Julai

Tumefunga, tumefungua, tumefunga.

6 Julai

Leo nilimwona kaka yangu nyuma ya zizi akiwaimbia mbuzi. Wimbo wa zamani ule ule wa baba. Alifika katikati, akasimama, akaanza upya, akasimama pale pale. Mbuzi walikuwa wanatafuna. Siku zote nimemwona kama mtu mwenye majivuno, anayevaa kofia ya manyoya na kutembea kana kwamba barabara ni yake. Leo nimeona mtu anayetafuta alikoweka kitu chake.

Sikumsemesha. Kwangu hilo ni tukio.

11 Julai

Daraja limekamilika. Ni refu kuliko nyumba ya Shimba, na nguzo zake zinapita paa. Vijana wameliinua, wakaenda kushoto, kulia, likapiga wimbi kama lina maji chini yake. Watoto wa jirani walipiga kelele. Odeta alitoka jikoni na mwiko mkononi akasema, "Yesu wangu, Busisi." Hata Shimba alicheka.

"Likianguka je?" nilimuuliza.

"Nyamaza, Paska."

Nimelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu yule mhariri.

20 Julai

Siku ya kwanza ya mashindano. Nataka kuandika yote nikiwa bado na hasira, maana hasira ndiyo kumbukumbu yangu.

Uwanja ulijaa kuanzia saa saba. Sisi upande wa magharibi, Chenge mashariki, katikati nafasi ya kupita wauza miwa. Ngoma zikaanza. Shimba aliimba. Watu walisambaa sawasawa, wengine kwetu, wengine kwao, wengi katikati wakisubiri kuona. Saa tisa nikatoa ishara. Daraja likainuka.

Nasema bila kujisifu: sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Jua lilipiga rangi ya fedha. Uwanja wote ulifanya sauti moja, kama watu wanaomwagiwa maji. Hata wachezaji wa Chenge waligeuza shingo. Vijana wetu walilichezesha, likapanda, likashuka, mianzi haikuvunjika, mpira haukufunguka, upepo ulipita kwenye viroba bila kulibeba. Kila nilichopima kilikuwa sahihi.

Na watu wakahamia kwa Chenge.

Si wote mara moja. Walikwenda kidogo kidogo, kama maji yanavyopata mteremko. Nilidhani wananikomoa. Nilivuka uwanja, nikajipenyeza katikati yao, nikamkuta mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, anakula karanga, kasimama upande wa Bagalu lakini macho yake yapo juu, kwenye daraja letu.

"Mama, unalipenda lile daraja?"

"Aa, ni zuri kupita kiasi!"

"Basi mbona uko huku?"

Alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji ni maji. "Lile si unaliona hata ukiwa hapa? Hiki cha hapa usiposogea hukioni." Akanielekeza kwa kidevu. Katikati ya duara mchezaji wa Chenge alikuwa amekaa kwenye kigoda, na mwenzake anamnyoa kichwa kwa panga, akicheza, kwa mdundo, bila tone la damu. Ilibidi uwe mbele kabisa kuona. Watu walikuwa wanasukumana. "Nikisimama hapa," alisema yule mama, "naona vyote viwili."

Nilipima uzito, nikapima jua, nikapima upepo. Nilijenga kitu kirefu cha kuonekana na kila mtu, katika mashindano ambayo mtu akikuona kutoka mbali amekunyima kura. Nimewapa Bagalu pambo la uwanja wao.

Jioni Chenge alipita mbele yetu, kofia mkononi, kwa adabu zote. "Shimba, ahsante kwa daraja. Watu wangu wamelifurahia sana."

21 Julai

Hakuna anayenisemesha isipokuwa mbuzi. Leo ni mapumziko; kesho na keshokutwa ndizo siku zilizobaki. Nimemwambia Machibya tulikate daraja liwe fupi. Amesema mwanzi ukikatwa chini ya fundo unapasuka wote. Najua. Mimi ndiye niliyemfundisha kupenda mianzi.

22 Julai

Leo sikwenda na kitu. Daraja tuliliacha uani. Shimba alitaka kucheza kama alivyocheza baba: ngoma, sauti na miguu tu. Saa nane tulikuwa na watu wa kuhesabika kwa jicho, wengi ni ndugu. Chenge alikuwa anamnyoa mtu wa pili.

Shimba alimaliza wimbo. Akauanza tena ule ule. Nilikuwa nimesimama pembeni. Niliingia kwenye duara. Mwanamke hafanyi hivyo, dada wa manju hafanyi hivyo kabisa. Nikamshika mkono alioshikia usinga.

"Kaka, acha. Watu wameusikia."

"Toka, Paska."

"Hawajakuacha kwa sababu ya panga. Wamekuacha kwa sababu tangu tumzike baba hujatunga wimbo hata mmoja! Unaimba cha marehemu kama mtu anayevaa viatu vya marehemu, na vinakupwaya!"

Ngoma zikanyamaza zenyewe. Niliona uso wake ukibadilika. Kisha akasema, kwa sauti ile ya kufika mwisho wa uwanja, maana hana nyingine:

"Na wewe? Umekuja hapa na ndoo zako na viti vyangu, ukajenga mnara wa Babeli, ukampa Chenge! Umegombana na mbao, umegombana na bomba, umegombana na ng'ombe! Wamekufukuza gazetini kwa kugombeza, ukaona uje kwa nani? Kwa Shimba, hana wa kumtetea!"

"Mbuzi wanakutetea! Unawaimbia wao!"

"Mbuzi wanasikiliza mpaka mwisho!"

Mtu alicheka. Sikujali. Nilimwambia ni mwoga, kwamba maisha yake yote ameuliza likianguka je, ndiyo maana hajasimamisha chochote. Yeye akasema mimi nimeandika miaka yote nikiwatetea watu na sijawahi kumpenda hata mmoja wao, kwamba nimekaa maisha yangu yote pembeni ya duara nikisahihisha wachezaji. Hilo liliniingia.

Ndipo nikasikia. Kicheko kikubwa, makofi, mtu anapiga mluzi. Nikageuka. Walikuwa wamejaa kutuzunguka, wengine wamebeba watoto mabegani, wengine bado wanakimbia kutoka mashariki wakiuliza, "Wanasemaje? Wanasemaje?" Nyuma yao niliona upande wa Chenge, na yule aliyekuwa ananyolewa kasimama, nusu ya kichwa ina nywele, anachungulia.

Bibi mmoja wa mbele alifuta machozi ya kucheka. "Endelea, mwanangu, usimwachie!"

Walidhani ni mchezo.

Shimba alinitazama, mimi nikamtazama. Machibya, Mungu amsamehe, akapiga ngoma.

22 Julai, jioni hii hii

Tumerudi nyumbani kwa miguu. Mezani Odeta alipakua wali akasema leo tulikuwa na watu wengi kuliko mwaka wowote tangu baba. Shimba alikula. Kisha, akitazama sahani:

"Kesho utaanza na lile la viatu? Walicheka sana pale."

Nimeondoka mezani. Maneno yale nilimaanisha kila herufi, naye alimaanisha yake. Nimetafuta wasomaji maisha yangu yote kwa ukweli usio na sukari, na mara moja tu nimewapata, wanacheka. Na kaka yangu anataka turudie, kama mtu anayeomba jino ling'olewe tena kwa sababu majirani walifurahi.

Lakini nisipokwenda, kesho jioni ngoma inatundikwa ukutani. Na nitakuwa nimeitundika mimi.

23 Julai

Nilikwenda.

Mchana watu walikuwa wameshaweka vigoda upande wetu kabla ngoma hazijapigwa. Niliingia kwenye duara nikiwa na maneno ya jana mdomoni, yameshapoa kama ugali wa asubuhi. Nilisema, "Kaka, hujatunga wimbo tangu tumzike baba." Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo. Watu wakasubiri.

Shimba alitoa ishara, ngoma zikaingia kwa mdundo nisioujua. Machibya aliujua, kwa hiyo walikuwa wamekaa nao asubuhi nilipokuwa nimejifungia. Na kaka yangu akaimba. Aliimba Kisukuma, nami naandika nilichoelewa:

Dada yangu amerudi kutoka mjini, ana ndoo mkononi, anawapima ndugu zake. Amewaning'iniza wote katikati ya viti viwili. Huyu amepinda, huyu amepasuka. Dada yangu alileta daraja la mabati, akasema piteni, nikamuuliza, dada, likianguka je? Akasema kaka, wewe ndiye umeanguka. Niinue basi. Niinue.

Uwanja ukapokea kiitikio. Niinue basi. Bibi yule wa jana aliimba amefumba macho. Ulikuwa wimbo mpya. Ulikuwa wake. Nilikuwa nimesimama katikati ya duara ninaimbwa, na sikujua niweke wapi mikono.

Alipourudia, nikashindwa kujizuia. Ukweli ni ukweli.

"Mianzi!" nilipiga kelele. "Halikuwa la mabati! Lilikuwa la mianzi na viroba!"

Walianguka kwa kicheko. Aliporudi tena kwenye mstari ule, akaimba daraja la mabati, akanyamaza, akanigeuzia sikio, na uwanja mzima ukanijibia: "Mianzi!" Ikawa hivyo mpaka jua linashuka. Yeye mabati, wao mianzi. Watu walikuwa wengi hata wauza miwa hawakuwa na njia. Chenge mwenyewe alivuka na wachezaji wake, akavua kofia, akasimama nyuma kama mtu yeyote. Aliponikaribia alisema, "Dada, mwakani uje utugombeze na sisi. Tutakulipa ng'ombe." Nilimwambia ng'ombe wanakula vielelezo vyangu. Hakuelewa.

Wimbo ulipokwisha nilimfuata Shimba. Alikuwa anafuta jasho kwa kofia yake ya manyoya.

"Unajua vizuri kabisa kwamba ilikuwa mianzi. Mabati tuliyakataa. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Basi kwa nini?"

"Mianzi ni mipole, Paska," alisema kaka yangu. "Nilikuwa naimba juu yako."